Nambari ya mwenzako ni amana, usiigawe kwa mwaliko wa mtandao

NI vigumu siku hizi kuweka programu mpya kwenye simu bila kukutana na ombi hili: ruhusu tusome orodha ya nambari zako ili tukutafutie marafiki. Wengi wetu hubonyeza “Ruhusu” bila kusita. Tunataka kuanza kutumia mtandao, tunataka kuwaona jamaa zetu walioko Jeddah, Muscat au Nairobi, na kitufe hicho kinaonekana kama mlango tu wa kupitia.

Lakini anayebonyeza pale hatoi habari zake peke yake. Anatoa nambari ya mamake, ya shangazi, ya ustadhi wa madrasa, ya daktari wa kliniki, ya fundi wa mabomba, ya mteja wa samaki kule Kongowea, na ya mtu aliyebadilishana naye nambari mara moja tu matangani miaka sita iliyopita. Hao wote hawakuulizwa. Wengine hawana akaunti kwenye mtandao huo, na huenda hawautaki kabisa.

Sisi watu wa Pwani tunalijua vizuri neno amana. Ukiwekewa kitu, wewe ni mtunzaji tu, mwenyewe yupo. Nambari ya simu ya mtu iko hivyo hivyo. Alikupa umpigie, hakukupa uigawe. Sheria ya Kenya inakubaliana na fikra hiyo, ila mpaka sasa tumeiona ikiuma zaidi pale watu wanapodaiwa mikopo kwa matusi. Mlango uleule uliotumiwa na wakopeshaji ungali wazi kwa jina tamu zaidi: “Alika rafiki.”

Mwaliko unavyofanya kazi

Kuna namna mbili za kumwalika mtu kwenye mtandao wa kijamii, na ni muhimu kuzitofautisha.

Ya kwanza ni wewe mwenyewe kuchukua kiungo, ukamtumia rafiki yako mmoja na kumwambia: niko huku, ukitaka njoo. Hapo hakuna neno. Umemwandikia mtu unayemjua, naye ataamua. Kampuni haijapata nambari yake mpaka ajiandikishe mwenyewe.

Ya pili ni kampuni kusoma orodha yako nzima, kuinakili kwenye kompyuta zake zilizo mbali, kuilinganisha na orodha ya wanachama wake, kisha kukuonyesha nani yuko ndani na nani bado. Wale ambao bado, kampuni hujitolea kuwatumia mwaliko kwa niaba yako. Mara nyingine majina yote huwa yameshatiwa alama ya tiki, na wewe unachofanya ni kubonyeza “Endelea”.

Kampuni zinapenda njia hii ya pili kwa sababu jina lako ni mtaji. Ujumbe wa tangazo kutoka kwa kampuni isiyojulikana hufutwa kabla ya kusomwa. Ujumbe unaosema “Dada yako anakualika” hufunguliwa. Kampuni inapata tangazo la bure, na heshima inayotumika kulisukuma ni yako wewe.

Faida ya pili kwa kampuni ni kubwa zaidi. Orodha ikishapakiwa, kampuni inaweza kumjua mtu ambaye hajawahi kuingia kwenye mtandao wake. Simu kumi za watu wa mtaa mmoja wa Likoni zikiwa na nambari moja, inajulikana kwamba mwenye nambari hiyo ana uhusiano na watu hao kumi. Na vile tulivyomhifadhi mtu ni habari pia. Fikiria majina kama “Daktari wa sukari”, “Wakili kesi ya shamba” au “Mama Salim mpangaji”. Maneno mawili matatu kando ya nambari yanaweza kutangaza ugonjwa wa mtu, kesi yake au hali ya kodi yake ya nyumba.

Hapa Kenya uzito wake unazidi. Laini ya simu husajiliwa kwa kitambulisho. Ndiyo pochi yetu ya M-Pesa, na ndiyo inayopokea nambari za siri za benki na za huduma za serikali. Nambari tunazifuga miaka kumi na zaidi kwa sababu kuibadilisha ni sawa na kuhama nyumba. Kwa hiyo nambari ikishatawanyika, mwenyewe hana wepesi wa kuikimbia. Maji yakimwagika hayazoleki.

Yaliyotokea kwingine

Mambo haya yamekwishatokea katika nchi nyingine, na kampuni kubwa zimefikishwa mbele ya sheria.

Mwezi Februari 2012 iligunduliwa kwamba mtandao wa Path wa Marekani ulikuwa ukichukua orodha nzima ya nambari kutoka kwenye simu za iPhone na kuipeleka kwenye kompyuta zake bila mwenye simu kuambiwa. Mwaka uliofuata, Tume ya Biashara ya nchi hiyo, FTC, iliafikiana nao kulipa dola 800,000. Kosa hilo lilihusisha pia kukusanya habari za watoto bila idhini ya wazazi.

Mwezi Juni 2013, Facebook ilikiri kwamba hitilafu katika mitambo yake ilikuwa imefichua nambari za simu na barua pepe za watu wapatao milioni 6. Habari hizo zilitokana na orodha zilizopakiwa na watu wanaowafahamu. Yaani mtu angeweza kuificha nambari yake kwa uangalifu wote, lakini rafiki yake akawa ameshaipeleka.

LinkedIn nayo ilishtakiwa na wanachama wake kule Marekani. Walisema walikubali mwaliko mmoja utumwe kwa watu wao, lakini kampuni ikafuatilia kwa ujumbe wa kuwakumbusha, mara ya pili na ya tatu, kwa jina la mwanachama. Mwaka 2015 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 13 ili kumaliza kesi hiyo.

Ujerumani, Mahakama Kuu ya Shirikisho iliamua Januari 2016 kwamba barua pepe za mwaliko ambazo Facebook iliwatumia watu wasio wanachama, kupitia huduma yake ya kutafuta marafiki, ni matangazo ya kuwasumbua watu. Haikusaidia kusema kwamba mwanachama ndiye aliyebonyeza. Mwaka 2019, Facebook hiyohiyo ilikubali kwamba tangu Mei 2016 ilikuwa imepakia orodha za barua pepe za watumiaji wapya wanaofikia milioni 1.5 bila idhini yao, ikasema haikukusudia.

Uamuzi unaotuhusu zaidi ulitoka Ubelgiji mwezi Mei 2020. Mamlaka ya kulinda data ya nchi hiyo iliutoza mtandao wa kijamii wa Twoo faini ya Euro 50,000 kwa sababu ya huduma yake ya kualika marafiki. Kampuni ilijitetea kwamba mwanachama alikuwa ametoa idhini. Mamlaka ikajibu kwa hoja nyepesi ambayo hata mtoto wa chuoni angeielewa: idhini hutolewa na mwenye nambari. Aliyeihifadhi kwenye simu yake hawezi kumtolea mwenzake. Ikaongeza kwamba kampuni yaweza kulinganisha orodha ili kuona nani tayari ni mwanachama, lakini nambari za wengine wote ifute papo hapo.

Hapa kwetu tulijifunza kwa mikopo

Wakenya wengi hawakulisikia jambo hili kupitia mitandao ya kijamii. Walilisikia kupitia mikopo ya simu.

Mtu alipoomba elfu mbili au tatu za dharura, programu ya mkopo ilisoma orodha yake ya nambari. Alipochelewa kulipa, simu zilianza kupigwa kwa bosi wake, kwa wakwe, kwa jirani: mwambie fulani alipe deni letu. Watu waliaibishwa mbele ya jamaa zao. Na hao waliopigiwa hawakukopa, hawakumdhamini mtu, na hawakuijua kampuni. Kosa lao lilikuwa kuhifadhiwa kwenye simu ya mtu.

Serikali ilichukua hatua. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 kuhusu watoaji mikopo ya kidijitali zinakataza kuwasumbua kwa simu na jumbe watu walio kwenye orodha ya mkopaji. Mwezi Aprili 2023, Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, inayoongozwa na Bi Immaculate Kassait, iliitoza kampuni ya Whitepath Sh5 milioni baada ya malalamishi karibu 150 ya watu ambao nambari zao zilichukuliwa kutoka kwa simu za wengine. Septemba mwaka huohuo, kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, ilitozwa Sh2,975,000 kwa jumbe na simu za vitisho kwa nambari zilizopatikana kwa watu wengine. Google nayo ilibadilisha masharti yake mwaka 2023, ikazizuia programu za mikopo ya kibinafsi kusoma orodha za nambari na picha.

Hatua hizo zilistahili pongezi. Lakini tazama kilichoadhibiwa. Kilichowaudhi watu ni matusi na vitisho, yaani matumizi mabaya ya nambari baada ya kuchukuliwa. Kule kuchukuliwa kwenyewe, ambako ndiko chanzo, kumebaki jambo la kawaida katika programu nyingine zisizodai mtu pesa. Mtandao wa kijamii unaochukua nambari elfu moja kwa upole na rangi za kupendeza hauulizwi na yeyote. Mwizi akiingia kwa kuvunja tunapiga kelele, akiingia kwa tabasamu tunampikia chai.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo kutofichuliwa bila sababu kwa habari za familia yake na mambo yake ya kibinafsi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ikaweka utaratibu. Kifungu cha 28 kinasema data za mtu zikusanywe kutoka kwa mtu mwenyewe, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Kifungu cha 29 kinataka aambiwe data zake zinachukuliwa na kwa kazi gani. Kifungu cha 37 kinakataza kutumia data za mtu kwa biashara bila idhini yake ya wazi, au ruhusa ya sheria ambayo ameelezwa.

Ukivisoma vifungu hivyo pamoja, ni shida kuona ni wapi panaporuhusu kampuni ya mtandao kupokea nambari ya Bi Mwanaisha kutoka kwa mpwa wake, kuihifadhi, na kuitumia kumtumia tangazo lililovishwa nguo za mwaliko.

Mtu anaweza kusema: lakini sheria haimgusi anayetumia data kwa mambo ya nyumbani. Ni kweli. Kifungu cha 51 kinaondoa shughuli za mtu binafsi za kifamilia na za nyumbani. Ndiyo maana kuhifadhi nambari ya jirani si kosa, wala kumtumia salamu za Idi au Krismasi si kosa. Lakini msamaha huo ni wa mtu binafsi na mambo ya nyumbani kwake. Kampuni inayochukua nambari hiyo ili ikuze biashara yake haiko nyumbani kwa mtu. Haiwezi kujificha nyuma ya kanga ya mama.

Udhaifu uko kwenye adhabu. Kifungu cha 63 kinaweka kikomo cha faini kuwa Sh5 milioni au asilimia 1 ya mapato ya mwaka uliotangulia, na kinachofuatwa ni kile kilicho kidogo. Kwa kampuni ndogo ya mikopo, hizo ni pesa. Kwa mtandao wenye watumiaji mabilioni duniani, ni gharama ya chakula cha mchana. Wabunge wetu wa Pwani wanaotafuta hoja ya kupeleka bungeni wanayo hapa. Neno moja likibadilishwa, kidogo kiwe kikubwa, sheria itapata meno.

Tunahitaji kuunganika, lakini

Wako watakaosema tunakuza jambo dogo. Biashara zetu zinaishi kwa kualikana. Kijana wa Ukunda anayetembeza watalii, dada wa Malindi anayeuza madira mtandaoni, na kikundi cha kina mama cha Kisauni wote wanahitaji watu wawafuate. Familia zilizotawanyika kati ya Lamu, Mombasa na Ghuba zimeshikanishwa na mitandao hii. Ukiwaambia watu wafunge orodha zao, utawakata na dunia.

Hoja hiyo ina uzito, na jibu lake si kufunga simu. Kumwalika mtu mmoja mmoja hakujawahi kumkata yeyote na dunia. Dada wa madira akiwatumia wateja wake ishirini ujumbe mfupi wenye kiungo, atapata wateja wa kweli. Akiiachia programu iwatumie watu mia nane, atakuwa amewakera daktari wake, mwalimu mkuu na wakwe zake, na faida kubwa itaenda kwa kampuni. Tunaloliomba ni adabu ya kupiga hodi kabla ya kuingia, adabu ambayo Pwani hii imeifundisha vizazi kwa vizazi.

Adabu hiyo tuianze sisi wenyewe, maana kampuni si peke yake inayokosea. Angalia makundi ya WhatsApp ya michango. Kamati ya harusi au ya matibabu huundwa usiku, na kufikia asubuhi watu mia mbili wameingizwa bila kuulizwa. Kila aliyemo anaiona nambari ya kila mwenzake. Nia ni njema, lakini wanawake wengi wanajua kinachofuata: simu za usiku kutoka kwa mwanamume asiyejulikana ambaye “alichukua nambari kwenye kundi”. Matapeli nao huyapenda makundi hayo, kwa sababu humo wanapata nambari, jina na jambo linaloihusu familia kwa pamoja. Ujumbe wa “mjomba amelazwa, tuma haraka” huaminika zaidi ukitoka kwa mtu anayejua kwamba kweli mjomba ni mgonjwa.

Vivyo hivyo kwa vile viungo vya “tuma kwa marafiki 15 upate bando za bure”. Bando haziji. Kinachokwenda ni jina lako, likitumika kuwavuta wenzako kumi na watano kwenye mtego.

La kufanya

Kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data: baada ya mikopo, sasa afisi yake iangalie mialiko. Itoe mwongozo wa wazi kwamba idhini ya mwenye simu haitoshi kwa nambari za watu wengine, kwamba majina yasitiwe tiki kabla, na kwamba nambari za wasio wanachama zifutwe mara tu baada ya kulinganishwa. Mwongozo huo uandikwe kwa Kiswahili pia, na usomwe kwenye redio zetu.

Kwa vijana wetu wanaotengeneza programu hapa Mombasa na kwingineko: msiombe orodha nzima kama kazi yenu haihitaji. Mpeni mtu kiungo amtumie anayemtaka. Programu inayouza samaki au kuita tuktuk haina haja ya kumjua shangazi ya mteja.

Kwetu sisi watumiaji, kazi si ngumu. Programu ikiomba orodha ya nambari, jibu la kwanza liwe “Kataa”. Nyingi zitaendelea kufanya kazi. Kwa simu za Android, ingia kwenye mipangilio, fungua programu, kisha ruhusa, utaona ni zipi zinazosoma anwani zako. Zile zisizo na sababu, ziondolee ruhusa. Wenye iPhone zilizo na mfumo wa iOS 18 au wa baadaye wanaweza kuchagua majina machache ya kuonyesha badala ya orodha yote. Kwenye WhatsApp, sehemu ya faragha ina mpangilio, uliokuja mwaka 2019, wa kuchagua nani anaweza kukuingiza kwenye kundi. Wasaidie wazazi waliopewa simu na watoto wao, kwani mara nyingi wao ndio hubonyeza “Ruhusu” kwa kuogopa kuharibu simu.

Kwenye makundi ya michango, kiongozi amtumie kila mtu kiungo na kumwomba ajiunge mwenyewe. Atakayekataa bado anaweza kutuma mchango wake. Na mtu akikuomba nambari ya mwingine, jibu la heshima ni: ngoja nimuulize kwanza.

Kama nambari yako imetumiwa na kampuni usiyoijua, hifadhi ujumbe huo, iandikie kampuni ikueleze ilikupata wapi na ifute habari zako. Ikikupuuza, peleka malalamishi kwa Afisi ya Kamishna. Sheria inataka malalamishi yachunguzwe na kumalizwa ndani ya siku 90. Wale watu karibu 150 waliolalamika kuhusu Whitepath walikuwa raia wa kawaida tu, na malalamishi yao ndiyo yaliyozaa faini ya Sh5 milioni. Kama wangenyamaza, simu zile zingeendelea kupigwa.